Feni haipozi chumba, na mengine tunayodanganyana kila kiangazi ghorofani

Joto likianza kupanda, ngazi za jengo letu hujaa washauri. Huyu anakwambia fungua madirisha yote, yule anakwambia funga. Mimi naishi ghorofa ya juu kabisa, na kwa miaka mitatu nimekuwa kwenye kamati ya wakazi, kwa hiyo ushauri huo wote huniishia mlangoni. Mwingi ni wa mtu aliyekulia nyumba ya chini, yenye uwanja wake na mti wake. Huku juu dari yako ni sakafu ya mwenzako, na maji unayomwaga lazima yamwangukie mtu. Ndiyo maana mambo yanayokubalika uani yakipandishwa ngazi hugeuka kuwa makosa.

"Acha feni ikizunguka, ukirudi utakuta chumba kimepoa"

Hili nimelifanya msimu mzima bila kujiuliza. Siku moja nikaweka kipimajoto mezani kabla ya kutoka: nyuzi 30. Niliporudi jioni feni ilikuwa bado inazunguka kwa bidii, na kipimajoto kinasoma 32.

Feni haiondoi joto chumbani, inasukuma hewa tu. Unahisi ubaridi kwa sababu hewa ikipita juu ya ngozi hukausha jasho, na jasho linapokauka huondoka na joto la mwili. Kochi halitoki jasho. Kitanda hakitoki jasho. Isitoshe, mota ya feni yenyewe inazalisha joto kidogo. Ukitoka, zima.

Hata kwa mtu aliyeketi mbele yake, feni ina mwisho wake. Shirika la Afya Duniani linashauri itumike joto likiwa chini ya nyuzi 40, kwa kuwa zaidi ya hapo hewa ile humwongezea mtu joto badala ya kumpunguzia. Kwa wazee ni vizuri kuwa na tahadhari hata kabla ya hapo, maana mwili wa mzee hutoa jasho kidogo. Dawa ni kuusaidia mwili: lowanisha mikono, shingo na miguu, au vaa fulana yenye unyevu, kisha ndiyo ukae kwenye feni.

Kuna kazi nyingine ya feni ambayo wengi hawaijui. Usiku, nje kukishapoa, isogeze karibu na dirisha huku ikipuliza kuelekea nje, kisha fungua dirisha la upande wa pili wa nyumba. Itaisukuma nje hewa ya moto, na ile baridi itaingia yenyewe.

"Joto likizidi, fungua madirisha yote"

Tazama saa kwanza. Saa 8 mchana, kama nje kuna moto kuliko ndani, dirisha lililo wazi ni mlango wa kuingizia joto. Funga, hasa upande unaopigwa na jua, kisha fungua kuanzia jioni mpaka alfajiri. Kama ndani na nje ni sawasawa, basi fungua, angalau upate upepo.

Na pazia? Linasaidia, ila si sana kama tunavyodhani. Jua likishapenya kioo, joto limeshaingia ndani, na pazia linabaki kulipokea tu. Kivuli kinachokaa nje ya kioo, kiwe turubai, mkeka au mimea kwenye roshani, hulizuia kabla halijavuka.

Sisi wa juu kabisa tuna adui mwingine: slebu, yaani paa la zege lililo juu ya dari yetu. Zege hunyonya jua mchana kutwa na kulitoa polepole usiku. Panda kwenye kiti saa 4 usiku uguse dari kwa kiganja, utadhani kuna mtu anapiga pasi upande wa pili. Paa likipakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na tofauti unaihisi ukiwa kitandani. Tatizo ni kwamba paa ni la wote na nafuu ni ya sisi wa juu tu, kwa hiyo kwenye kikao kura huwa zinahesabika kwa ghorofa. Mimi nimeshindwa mara mbili. Mwaka huu narudi tena.

"Weka kiyoyozi nyuzi 16 kipoze haraka"

Kwenye kiyoyozi cha kawaida, kile ambacho kompresa yake huwaka na kuzima, nguvu ni ileile uandike 16 au 25. Ukiandika 16 unakiambia tu kisisimame. Cha inveta hubadilisha kasi, kwa hiyo kinaweza kukaza mwendo kidogo, lakini nacho kinakimbilia baridi usiyoihitaji, na mita ya umeme inahesabu. Kikisuasua, usihangaike na rimoti. Fungua kifuniko utazame chujio. Mara nyingi utakuta vumbi limeganda kama blanketi.

Watu husahau kwamba kiyoyozi ni mashine ya kukausha hewa pia. Willis Carrier alipobuni mtambo wake wa kwanza mwaka 1902, ulikusudiwa kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, ambako unyevu wa hewa ulikuwa unaharibu karatasi. Unyevu ule ukitolewa chumbani lazima upite mahali, na kwenye ghorofa mahali penyewe ni kwa jirani wa chini.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Bibi anayekaa chini yangu alipanda ngazi zote, taratibu, akiwa na shuka jeupe mkononi. Katikati lina duara la rangi ya kutu, ukubwa wa kiganja. Nikamwamkia. Akaitikia, akalikunjua shuka mbele ya macho yangu, akasema, "Mwanangu, hii si mvua." Bomba la kutolea maji ya kiyoyozi changu lilikuwa limekatika nje ya ukuta, linadondosha juu ya chuma cha dirisha, kisha juu ya kamba yake ya nguo. Fundi alimaliza kazi kwa nusu saa. Mimi nilikaa wiki nikipita mlangoni kwake haraka haraka.

"Mbu hawafiki ghorofa za juu"

Hawana haja ya kufika, wanazaliwa hukuhuku. Aedes aegypti, mbu mwenye madoa meupe miguuni anayeeneza dengue, hapendi dimbwi wala mtaro. Anataka maji kidogo yaliyotulia: sahani chini ya chungu cha maua, ndoo iliyosahauliwa roshani, tenki la juu lisilo na kifuniko. Kwenye joto, yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi mpaka siku 10, kwa hiyo mwaga maji hayo kila wiki.

Kumwaga peke yake hakutoshi. Mayai hugandishwa ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji yarudi. Sugua kwa brashi. Na mbu huyu huuma mchana, zaidi asubuhi na kabla ya jua kuzama, kwa hiyo usitegemee chandarua cha usiku pekee.

"Bwawa la kuogelea linalonukia klorini ndilo safi"

Hapa ndipo nabishana na watu zaidi, kwa sababu pua inawadanganya. Klorini iliyo katika maji masafi hainuki sana. Ile harufu kali inayokupokea kabla hujavua viatu ni ya kloramini, na kloramini hutokea pale klorini inapokutana na jasho, mafuta ya ngozi na mkojo. Macho mekundu nayo chanzo chake ni hichohicho. Bwawa likinuka hivyo, linakwambia watu wengi wameingia bila kuoga kwanza. Dakika moja ya bafu kabla ya kuingia hupunguza sehemu kubwa ya uchafu huo.

Wala klorini haiui kila kitu papo hapo. Kimelea kiitwacho Cryptosporidium, kinacholeta kuharisha, huweza kuishi zaidi ya siku 7 katika bwawa lililotiwa dawa ipasavyo. Mtoto anayeharisha asiingie kabisa. Na ikithibitika ni kimelea hicho, asubiri wiki 2 baada ya kuharisha kukoma. Kamati ikikataza, wazazi hununa. Wanune.

Linalonitisha kuliko harufu ni hili: watu wanaamini anayezama atapiga kelele. Anayezama hana pumzi ya kuitia. Mdomo unapanda juu ya maji na kushuka, mikono inayasukumia maji chini badala ya kupunga, na kwa mtu aliyeketi kwenye kiti cha plastiki inaonekana mtoto anacheza. Yote huisha kwa muda mfupi kuliko wa kujibu ujumbe kwenye simu. Watu wazima wakiwa 12 pembeni mwa bwawa, kila mmoja anadhani mwingine anatazama. Sisi tumeamua awepo mmoja aliyetajwa kwa jina, asiye na simu mkononi, dakika 15, kisha anamkabidhi mwingine kwa kutamka. Maboya ya kuvaa mikononi ni vya kuchezea, hayamlindi mtu.

Lile la kusubiri saa nzima baada ya kula halina msingi wa maana. Kilevi ndicho cha kuogopa majini.

"Dirisha lina nyavu, mtoto hawezi kuanguka"

Nyavu imetengenezwa kumzuia mbu. Uzito wa mtoto wa miaka miwili ukiiegemea, inatoka na fremu yake. Kiangazi ndio msimu wa madirisha wazi, kwa hiyo sogeza kitanda, kiti na sanduku la midoli mbali na dirisha. Vyuma visiwe na mwanya unaozidi sentimita 10, na angalau dirisha moja la chumba cha kulala liwe na vyuma vinavyofunguka kwa ndani, kwani moto ukitokea utahitaji pa kutokea. Mji wa New York uliliona tatizo hili mapema: tangu mwaka 1976 mwenye jengo analazimika kuweka vizuizi vya madirisha kwenye nyumba zenye watoto wa miaka 10 kushuka chini.

"Roshani ni nje, jiko la mkaa halina neno"

Roshani ina dari, ina kuta, na mlango wake unaingia sebuleni. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na upepo ukielekea ndani gesi nayo inaelekea ndani, kwako au kwa wa juu yako. Hatari kubwa zaidi huja mvua ya ghafla ikinyesha na mtu akaliingiza jiko jikoni "kidogo tu." Majivu nayo yana uongo wao: juu meupe, ndani kaa linawaka mpaka kesho yake. Yaweke kwenye debe la chuma lenye kifuniko, kamwe si kwenye mfuko wa taka. Kama jengo lina uwanja, chomeeni huko.

"Nimeacha vioo vya gari wazi kidogo"

Haisaidii kitu cha maana. Gari lililoegeshwa juani huweza kuongezeka karibu nyuzi 10 ndani ya dakika 10, vioo viwe na mwanya au la. Mtoto asibaki humo hata kama unapanda kuchukua funguo tu, maana lifti haina ahadi.

"Bado anatoka jasho, kwa hiyo hajazidiwa"

Mtu anaweza kupatwa na kiharusi cha joto akiwa amelowa jasho. Msikilize anavyoongea. Akianza kuchanganya maneno, kuyumba au kutojua alipo, ita msaada wa dharura na uanze kumpoza hapohapo kwa maji baridi mwili mzima, shingoni na kwapani. Usingoje gari lifike ndipo uanze.

"Joto linaua wanaofanya kazi juani"

Linawaua hao, kweli. Lakini Chicago, Julai 1995, zaidi ya watu 700 walikufa kwa siku chache tu, na wengi walikuwa wazee waliokuwa ndani ya nyumba zao. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba waliokuwa hatarini zaidi ni wanaoishi peke yao, wasiotoka, na wakazi wa ghorofa za juu. Ufaransa, Agosti 2003, walikufa watu wapatao 15,000, wengi wazee, katika mwezi ambao familia nyingi zilikuwa likizo.

Kwa hiyo jengo letu sasa lina orodha fupi, majina matano, imebandikwa ndani ya kibanda cha mlinzi. Utabiri ukisema joto kali linakuja, kila jina linagongewa saa 3 asubuhi na saa 10 jioni. Tunatazama kama ndani kuna maji ya kunywa, kama feni inafanya kazi, kama mtu anajibu sawasawa. Zamu ya Bibi wa chini yangu ni yangu. Jana jioni niligonga, nikangoja, nikagonga tena kwa nguvu kidogo. Sauti ikatoka ndani:

"Nipo. Na lile bomba lako limeanza tena."