Bia chachu ya matunda siyo juisi yenye pombe

Watu wengi wanaamini bia chachu, yaani bia yenye ladha kali ya asidi, ikiandikwa embe au rasiberi basi itakuwa tamu kama juisi, na pombe yake kidogo tu. Inaeleweka kabisa, pua ikishanusa tunda ulimi unajiandaa kwa sukari.

Sasa kinachotokea ni hivi, matunda mara nyingi yanawekwa bia ikiwa bado inachachuka, hamira inakula sehemu kubwa ya ile sukari inaigeuza pombe na gesi, kinachobaki ni harufu, rangi na asidi ya tunda lenyewe. Ule ukali wa kukunja uso unatoka zaidi kwa bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki, ndugu zao wale wa kwenye mtindi. Ndo maana pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inapanda) ya bia hizi huwa kama 3.2 hadi 3.5 wakati bia ya kawaida inacheza kwenye 4 na kitu. Kriek ya asili ya Ubelgiji, ile ya cheri, inaweza kuwa kavu kabisa, yaani bila utamu. Ila zipo zinazoongezwa sukari au juisi mwishoni na hizo kweli ni tamu, kwa hiyo usimbishie kila mtu.

Kucheki mwenyewe rahisi: bana pua, piga funda dogo, halafu achia. Ukiwa umebana utasikia uchachu, na utamu kama upo, ladha ya tunda inakuja pua ikifunguka. Pombe usiikisie kwa ulimi, soma asilimia kwenye lebo, kuna za 3 na kuna za 8.