Michelangelo hakulala chali: dhana potofu kuhusu michoro ya ukutani ya Renesansi

Dhana: Michelangelo alichora dari ya Kanisa la Sistina akiwa amelala chali.

Alisimama. Kuanzia 1508 hadi 1512 alikuwa juu ya jukwaa alilolibuni mwenyewe, shingo ameipinda nyuma na mkono ameuinua. Shahidi ni yeye mwenyewe. Alimwandikia rafiki yake, Giovanni wa Pistoia, shairi la kulalamika kwamba kazi imemwotesha rovu, ndevu zinatazama mbinguni na brashi inamdondoshea rangi usoni. Kando ya shairi akajichora: mtu wima, anaifikia dari. Mkanganyiko ulichochewa na neno la Kilatini *resupinus* alilotumia Paolo Giovio, mwandishi wa zama hizo aliyeandika habari za Michelangelo. Yeye alimaanisha kujipinda nyuma. Wasomaji wakaelewa kulala.

Dhana: Alifanya kazi hiyo peke yake.

Aliita wasaidizi kutoka Florence, na kusaga rangi na kuandaa lipu kulihitaji mikono mingi. Tena mwanzoni mambo yalimharibikia: picha ya Gharika iliota ukungu.

Dhana: Kila mchoro wa ukutani ni fresko, ikiwemo Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci.

Hili ndilo kosa linaloniuma zaidi, kwa sababu linaficha mkasa mzima wa picha ile. Fresko ni kazi ya chokaa. Asubuhi hupigwa lipu mbichi ya kutosha kazi ya siku moja tu. Waitalia huliita eneo hilo *giornata*. Rangi huchanganywa na maji matupu. Chokaa inapokauka hunyonya hewa ya ukaa na kugeuka jiwe, rangi ikiwa imeshikwa humo humo. Aliyewahi kuona kuta za kale za Lamu au Unguja anajua jinsi chokaa inavyodumu. Lakini fresko haimngoji mtu: lipu ikishakauka, aliyekosea hubanja na kuanza upya.

Leonardo hakuwa mchoraji wa namna hiyo. Mwandishi Matteo Bandello alimshuhudia akichora tangu alfajiri hadi jua kutua bila kula, kisha siku kadhaa zikapita asiguse brashi, anatazama tu. Alitaka nafasi ya kurudia na kulainisha vivuli. Kwa hiyo, kati ya takriban 1495 na 1498, katika bwalo la watawa wa Santa Maria delle Grazie mjini Milano, alipaka tempera (rangi iliyochanganywa na yai) na rangi ya mafuta juu ya ukuta mkavu. Rangi haikuingia ukutani, ilikaa juu yake kama ngozi. Ikaanza kubanduka yeye mwenyewe angali hai.

Mwaka 1652 watawa walitoboa mlango katika ukuta huo huo, wakaikata miguu ya Yesu. Agosti 1943 bomu likaliangusha paa la bwalo, na ukuta wenye picha ukabaki umesimama nyuma ya magunia ya mchanga. Ukarabati mkubwa uliomalizika 1999 ulichukua zaidi ya miaka 20, muda mrefu kuliko aliotumia Leonardo kuichora.