Lamu au Malindi: anza na nauli ya mzigo, si kodi ya nyumba

Watu wanaohamishwa kikazi huniuliza kodi ya vyumba viwili ni pesa ngapi Lamu, na Malindi je? Kazi yangu ni uchumi wa matumizi ya kaya, na mimi huwarudishia swali: kwa mwezi utabebesha vitu vingapi, na wewe mwenyewe utabebwa mara ngapi? Hapo ndipo miji hii miwili inapoachana.

Chukua mfuko wa simiti. Malindi, lori linaufikisha mpaka mitaa ya Barani au Maweni, karibu na mlango wako. Mfuko ukiwa wa kwenda Amu, yaani mji wa Lamu ulio kisiwani, lori linakomea gati la Mokowe, upande wa bara. Hamali anaushusha na kuupakia botini, boti inavuka mkondo, hamali mwingine anaupandisha gatini, kisha punda anaingia nao vichochoro vya mtaa wa Langoni ambavyo gari halipiti. Kila mkono umelipwa. Mtungi wa gesi, unga na vitunguu hupita njia hiyohiyo, na mwenye duka hana budi kuiweka gharama hiyo kwenye bei. Lami ya kutoka Garsen imerahisisha safari ya bara, ila bahari bado lazima ivukwe.

Kwa binadamu, mambo ni kinyume. Anayeishi mji mkongwe wa Lamu huenda sokoni, kazini na msikitini kwa miguu. Malindi imetawanyika: mtu wa Muyeye anayefanya kazi mjini hulipa tuktuk au bodaboda kwenda na kurudi, na akiwa na watoto watatu wa shule, nauli yaweza kukaribia kodi. Ndiyo maana naona familia yenye watoto wengi na manunuzi madogo yaweza kukaa Lamu bila kuumia, lakini anayejenga ajipange sawasawa. Na mtoto kucheza kichochoroni bila mama kuhofia gari, hilo naliwekea uzito mkubwa hata kama halina risiti.

Piga hesabu ya mwaka mzima. Pepo za kusi zikishika, hasa Juni na Julai, bahari huchafuka, wavuvi wenye vyombo vidogo hawatoki, na samaki hupanda bei kote. Malindi angalau mboga na maharagwe huingia kwa lori bila kungoja boti.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni maji. Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyohifadhi mvua inayolisha visima vya Lamu. Tukiendelea kujenga juu yake, chumvi itaingia, na kaya maskini ndizo zitakazoanza kununua maji ya mitungi. Malindi hutegemea Baricho, kwenye mto Sabaki, chanzo kinachopeleka maji hadi Mombasa pia. Pampu zikisimama huko, mabomba hukauka. Kwa hiyo kabla hujalipa kodi ya mwezi wa kwanza, fungua bomba, onja maji, kisha waulize majirani hutoka siku ngapi kwa wiki.