Sauti ikikauka, si vumbi tu
Dodoma, hasa kiangazi upepo unapovuma, wengi huamini sauti hukauka kwa vumbi au maji ya baridi, na asali na tangawizi vinatosha. Vumbi huwasha koo, kweli. Ila unachokunywa hupita kwenye umio (njia ya chakula), hakigusi nyuzi za sauti zilizo kwenye njia ya hewa. Kikikosea njia, unapaliwa papo hapo. Mafua, kupaza sauti (wanakwaya na wauzaji wa mnadani wanalijua hili), sigara, tindikali ya tumbo, hata saratani huikwaruza sauti. Weka alama kwenye kalenda: zikipita wiki 3 na sauti bado imekauka, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Huzitazama nyuzi hizo kwa kioo kidogo au kamera nyembamba inayopitishwa puani. Anayepumua kwa shida au kukohoa damu asisubiri.