Mgeni analala jijini, sokwe wako wilayani: ushuru wa hoteli ni wa nani?

Watalii wengi wanaokuja kuona sokwe wa hifadhi ya Kibale, magharibi mwa Uganda, hulala katika jiji la Fort Portal. Asubuhi gari huwapeleka Kanyanchu, wilaya ya Kamwenge, na jioni huwarudisha mjini kuoga, kula na kulala. Ushuru wa hoteli wa usiku huo unabaki jijini wote. Kamwenge, yenye msitu na sokwe wenyewe, haioni hata shilingi yake. Nafanya kazi ya mapato ya serikali za mitaa, na hili naliona kuwa kosa linalorekebishika.

Ushuru huu uliingizwa katika Sheria ya Serikali za Mitaa mwaka 2008, baada ya kodi ya kichwa kusimamishwa na mabaraza kubaki karibu mikono mitupu. Hutozwa kwa kila chumba kilicholaliwa, kila usiku. Mgeni ndiye hulipa. Mwenye hoteli hukusanya na kuwasilisha. Katika kuamua fedha ziende wapi, sheria haiangalii mgeni alikuja kuona nini. Inaangalia kitanda kiko wapi.

Kitanda kikiwa kijijini, gombolola (baraza lililo chini ya wilaya) hukusanya, hubaki na asilimia 65 na kupeleka 35 wilayani. Chukua loji iliyo kando ya maziwa ya kreta ya Kasenda, wilaya ya Kabarole, iliyowasilisha shilingi 1,000,000. Wilaya hupata 350,000. Katika zile 650,000 zinazobaki, gombolola huchukua 422,500, kijiji hupata 162,500, na kata na kaunti hupata 32,500 kila moja. Naupenda mgao huu, kwa sababu mwenyekiti wa kijiji ana sababu ya kujua loji yake ina wageni wangapi. Jijini ni tofauti: divisheni, yaani sehemu ya jiji yenye baraza lake, hukusanya, hubaki na nusu, na nusu hupanda kwa jiji. Jirani hayumo kabisa kwenye hesabu. Tangu Fort Portal iwe jiji Julai 2020, mpaka huo umekuwa mzito zaidi, kwani hoteli nyingi ziko ndani yake na vivutio vingi viko nje.

Nikiyasema haya, hujibiwa kwamba wilaya zina fungu lao: asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini, zinazotolewa na Mamlaka ya Wanyamapori. Ni kweli, na ni fungu la maana. Lakini asilimia hiyo hukatwa kwenye ada ya kuingia, si kwenye vibali vya kufuatilia wanyama, ambako ndiko kwenye fedha nyingi. Katika hifadhi ya Bwindi, kibali cha sokwe wakubwa wa milimani (gorila) kwa mgeni kutoka nje kilipanda hadi dola 800 mwaka 2024. Jamii jirani hutengewa dola 10 kwa kila kibali. Tena fedha hizi zimekusudiwa watu wanaopakana na hifadhi, ambao mahindi yao huliwa na tembo na nyani. Ni haki yao. Sioni sawa kuzigeuza fedha za kuzoa takataka na kutengeneza barabara zinazochakazwa na magari ya watalii.

Jiji nalo lina mzigo wake: maji taka, taa, soko, usalama wa usiku. Kwa hiyo sidai nusu kwa nusu. Ningeanza na asilimia 15 ya ushuru wa hoteli za jiji, igawanywe kwa magombolola ambako wageni walitembea mchana. Jinja ingefaidika vilevile: chanzo cha Nile kina ukingo wa mashariki jijini na ukingo wa magharibi Njeru, wilaya ya Buikwe. Mgeni huvuka mto bila kujali ni baraza lipi.

Ugumu mkubwa uko kwenye daftari la wageni. Mara nyingi nimekuta hoteli na mkusanyaji wamekubaliana kiasi kimoja cha mwezi, wageni wawe wengi au wachache, bila kuhesabu chumba hata kimoja. Makubaliano hayo huwapumzisha wote wawili, lakini hufuta taarifa ambayo mgao wowote unaihitaji. Huwezi kugawa usichokihesabu. Kabla ya asilimia yoyote, kila hoteli ijaze fomu ya mwezi yenye vyumba vilivyolaliwa na sehemu aliyokwenda mgeni, na fomu hiyo isomwe na maofisa wa pande zote mbili, wa jiji na wa wilaya. Mwenye hoteli atakubali iwapo ataona haitumiki kumwongezea mzigo, bali kuonyesha anacholipa kinakwenda wapi. Ningeweka pia sharti kwamba fungu la jirani litumike kwa kazi za utalii zilizotajwa kwa jina kwenye bajeti: choo cha mahali fulani, daraja fulani, kibao cha njia.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na bajeti za mabaraza hupitishwa kabla yake. Kamati za fedha za Fort Portal, Kabarole na Kamwenge zingefaa kukutana mapema, Oktoba au Novemba, zikiwa na fomu za miezi mitatu mezani.