Askari Amerudi Nyumbani: Maswali ya Mke na Majibu Yake

Mume wangu amerudi kutoka vitani lakini halali. Usiku kucha anazunguka akikagua milango. Ni ugonjwa?

Si lazima. Kwa miezi mingi uhai wake ulitegemea kuwa macho na kusikia kila kishindo, na mwili hauachi lindo kwa sababu tu amefika nyumbani. Mlango ukibamizwa, adrenalini, kemikali ya mwili inayomwandaa mtu kukabili hatari, inapanda na moyo unakwenda mbio. Penye watu wengi atatafuta kiti kinachotazama mlango, mgongo ukutani. Kwa wengi hali hii hupungua wiki baada ya wiki. Akipiga kelele usingizini usimtikise, maana anaweza kukurupuka akijihami kabla hajajua yuko wapi. Simama mbali kidogo, washa taa, umwite kwa jina.

Nimpeleke kwa daktari lini?

Ukipita mwezi mmoja na bado matukio yanamrudia kana kwamba yanatokea sasa, anakwepa kila kinachomkumbusha, hana hisia kwa watu aliowapenda, au anawaka hasira kwa jambo dogo. Huenda ana msongo unaotokana na kiwewe, yaani jeraha la akili lililoachwa na yale aliyoyapitia, na unatibika. Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe chenyewe husaidia sana. Wengine hupewa pia dawa kama sertralini. Kama aliwahi kuwa karibu na mlipuko, mwambie daktari hata kama hakupata jeraha. Ubongo uliotikiswa huleta maumivu ya kichwa, usahaulifu na hasira, na ni rahisi kudhani yote ni kiwewe.

Lakini akisema amechoka kuishi, au kwamba mngekuwa na nafuu bila yeye, usisubiri mwezi. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, tafuta msaada siku hiyohiyo, na silaha yoyote iliyomo nyumbani iondolewe.

Anasema pombe inamsaidia kulala.

Inamlaza, kisha inamwamsha usiku wa manane na kuzidisha majinamizi.

Mtoto wetu mdogo anamkimbia.

Mtoto hamkumbuki baba yake vizuri, basi. Baba asimlazimishe kumkumbatia. Akae naye chini, acheze karibu yake, amwache mtoto asogee mwenyewe.

Nimeendesha nyumba peke yangu muda wote huo. Sasa tunagombana kwa kila kitu.

Hapa ndipo ndoa nyingi huumia. Wewe umejifunza kuamua peke yako. Yeye anaiona nyumba iliyokwenda vizuri bila yeye na kujihisi hana nafasi. Usimrudishie majukumu yote kwa siku moja, wala usimkalishe kama mgeni. Mkabidhi jambo moja liwe lake kabisa, mathalani kumpeleka mtoto shule, na usimsahihishe akilifanya kwa namna yake. Yaliyotokea vitani, msikilize akitaka kusimulia, asipotaka, usimchimbe. Na kama wewe mwenyewe umechoka na usingizi umepotea, nenda ukamwone mshauri nasaha, hata kama yeye bado anakataa kwenda.