Maua ya Mwisho wa Mapukutiko: Baridi Inasingiziwa Mengi

Ifikapo Novemba, roshani nyingi za jamaa zetu walioko Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji hubaki na vyungu vitupu na kiti kimoja cha plastiki. Ukiuliza, jibu ni lile lile: baridi imeshaingia, maua yatatoka wapi? Yanatoka, tena mengi, na mengine hayachanui msimu mwingine wowote. Mimea mingi inayokufa wakati huu imeponzwa na mambo tunayoyaamini kuhusu baridi, kabla baridi yenyewe haijafika.

"Ua linahitaji joto ndipo lichanue."

Krisantemu, lile ua la vyungu lenye petali nyingi, haingoji joto, inangoja usiku. Mmea huu hupima urefu wa giza, na usiku ukirefuka vya kutosha ndipo unapofunga vitumba. Siri hiyo ilielezwa mwaka 1920 na Garner na Allard, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, waliokuwa wakihangaika na tumbaku iliyokataa kutoa maua wakati wa kiangazi. Kwa hiyo ile krisantemu uliyoitunza tangu mwaka jana, ukiiweka chini ya taa ya nje inayowaka usiku kucha, itaendelea kutoa majani tu huku ya jirani imejaa maua. Watu hulaumu udongo, wengine hata kijicho. Zima taa, au hamishia chungu penye giza tangu mwisho wa kiangazi.

Afrika Mashariki inaingia hapa moja kwa moja. Vipandikizi vingi vya krisantemu vinavyokuzwa Ulaya hukatwa katika mashamba ya kwetu, Uganda, Kenya na Tanzania. Karibu na ikweta usiku una takriban saa 12 mwaka mzima, na mmea ukiachiwa ungechanua ukiwa bado mdogo. Ndiyo maana mashamba hayo huwasha taa usiku, ili mimea mama iendelee kutoa matawi ya kukata. Na krisantemu ni ndugu wa karibu wa pareto, ile inayolimwa nyanda za juu za Tanzania, Kenya na Rwanda kwa ajili ya dawa ya wadudu.

"Krisantemu ni ua la msiba, halifai nyumbani."

Hii utaisikia zaidi kwa ndugu zetu Wakongo walioko Ubelgiji na Ufaransa, na ina chanzo chake. Huko krisantemu hupelekwa makaburini kwa ajili ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba. Ni desturi ya mahali, haina nuksi. Japani ua hilo hilo lenye petali 16 ni nembo ya ufalme. Weka roshani kwako bila wasiwasi. Ila ukialikwa chakula na Mfaransa, mpelekee ua jingine.

"Za dukani ni za kutupa zikishanyauka."

Nyingi zinaweza kurudi mwakani, mradi ziwe za aina inayostahimili baridi. Zitarudi zikiwa ndefu kuliko ulivyozinunua, kwa sababu wakuzaji mara nyingi huzipa dawa ya kuzuia urefu ili ziwe duara na fupi. Usishtuke. Wakati wa kununua, chagua chungu chenye vitumba vinavyoanza kuonyesha rangi, si kile kilichokwisha kufunguka chote. Maji yamwagie udongoni, maana yakituama kwenye petali huziozesha. Na ukiinunua Novemba ikiwa imechanua, usikimbilie kuichimbia shimo bustanini: haitapata muda wa kushika mizizi. Iache kwenye chungu karibu na ukuta wa nyumba, uipande majira ya kuchipua.

"Mimea ya Afrika haiwezi baridi ya Ulaya."

Inategemea imetoka Afrika ipi, ya pwani au ya mlimani. Nerine, ua la rangi ya waridi linalosimama juu ya kikonyo kitupu kisicho na jani, asili yake ni Afrika Kusini, hadi kwenye milima ya Drakensberg. Linachanua Uingereza kuanzia Septemba hadi Novemba, nje kabisa, chini ya ukuta unaopigwa na jua. Tunguu zake zipande shingo ikiwa juu ya udongo na uziache zibanane; zikipewa nafasi kubwa hununa. Nifofia nazo, zile zenye vichwa vyekundu na njano kama mienge, zina ndugu zao Kilimanjaro na Mlima Elgon. Aina inayochelewa kuchanua zaidi ni ile ya Afrika Kusini.

Kwa upande mwingine, ule urujuani wa Usambara, ambao Walter von Saint Paul, afisa wa kikoloni wa Kijerumani, alimpelekea baba yake Ujerumani na ukapewa jina lake mwaka 1893, ni mmea wa msitu wenye kivuli na ujoto. Huo kaa nao dirishani, ndani. Ukiutoa nje Novemba umeuua.

Aina ya erika (kichaka kifupi chenye maua madogo mengi) iitwayo gracilis, nayo ya Afrika Kusini, ndiyo inayowavunja moyo watu wengi. Maduka ya Ujerumani huipanga kila Oktoba, ya waridi na ya kupendeza, kisha jalidi ya kwanza kali inaifanya kahawia. Mnunuzi anaapa hatanunua tena erika yoyote. Anapoteza bure, kwa sababu erika ya milima ya Alpi huanza kuchanua kipupwe na kuendelea hata theluji ikiifunika. Ipo pia kaluna, ndugu wa erika, ambayo aina zake nyingi za vyungu zina vitumba visivyofunguka kabisa. Ndiyo siri ya rangi yake kudumu wiki nyingi. Soma kibandiko cha jina kabla hujalipa.

"Zafarani ni ya Iran na Kashmir tu, kwingine haioti."

Hapa naomba Waswahili wapenda biriani wanisikilize vizuri. Katika jimbo la Essex, Uingereza, kuna mji uitwao Saffron Walden. Jina hilo ulipewa kwa sababu ya zafarani iliyolimwa huko kwa wingi katika karne ya 16 na ya 17. Zafarani ni ua la mapukutiko hasa. Tunguu hupandwa Agosti au mapema Septemba, kina cha sentimita 10 hivi, kwenye chungu kirefu penye jua, na mwezi wa Oktoba au Novemba udongo unapasuliwa na kichipukizi cheupe, kisha ua la zambarau lenye mishipa iliyokolea. Katikati zinaning'inia nyuzi tatu nyekundu.

Chuma asubuhi, ua likishafunguka. Likamate kwa vidole viwili, zivute zile nyuzi taratibu, zitandaze juu ya karatasi mahali pakavu hadi zivunjike zikiguswa. Yahitaji maua 150 hivi kupata gramu moja, ndipo utaelewa bei ya sokoni. Lakini chungu kikubwa chenye maua 20 kinakupa nyuzi 60, na hizo ukizisaga na kuziloweka zinatosha kuupa wali wa biriani rangi na harufu.

Mambo mawili hapa si ya kuchezea. La kwanza, anayekuuzia "mbegu za zafarani" mtandaoni anakuibia. Zafarani ni tasa, haizai mbegu. Huongezeka kwa tunguu pekee. La pili ni la uhai. Kuna ua liitwalo kolchikumu, linachanua msimu huo huo, rangi inafanana, na lina sumu ya kolchisini inayoua. Fungua ua uhesabu stameni, vile vijiti vyenye chavua (si zile nyuzi nyekundu): zafarani ina tatu, kolchikumu ina sita. Zafarani pia hutoa majani membamba kama nyasi pamoja na ua au mara baada yake, ilhali kolchikumu husimama uchi, na majani yake mapana hutokea majira ya kuchipua. Kama huna hakika, usionje. Usipande mimea hii miwili mahali pamoja, hasa penye watoto.

"Wakati wa baridi mimea haihitaji maji."

Roshani yenye paa haipati mvua. Mmea wenye majani mwaka mzima unaendelea kupoteza maji kwa upepo na jua, na udongo ukiganda mizizi haivuti kitu. Mwenyewe husema umekufa kwa baridi, kumbe umekufa kwa kiu. Mwagilia kidogo, asubuhi, siku isiyo na jalidi. Visahani vya chini vitoe, maana mizizi iliyokaa majini huoza. Na zile kokoto tunazotandika chini ya chungu "ili maji yatoke" hazisaidii: maji hung'ang'ania kwenye udongo ulio juu ya kokoto hadi ujae, hivyo sehemu yenye majimaji inapanda karibu zaidi na mizizi. Afadhali changanya mchanga mkavu wa chengachenga ndani ya udongo wote, na uinue chungu juu ya vigae viwili.

Mizizi iliyo kwenye chungu hupigwa na baridi pande zote, tofauti na iliyo ardhini. Sogeza vyungu pamoja ukutani, uvivike gunia. Viola, yale maua madogo ya vyungu, utazikuta alfajiri ya jalidi zimelala juu ya udongo, majani yamelegea kama yaliyochemshwa. Usizing'oe, wala usizimwagie maji ya moto. Jua likipanda zinainuka, na adhuhuri zinakutazama tena.

"Safisha kila kitu kabla ya kipupwe."

Wa kwanza kufyekwa huwa aivi, huyu mtambazi wa ukutani anayeonekana kama gugu. Maua yake ya kijani hafifu hufunguka Septemba hadi Novemba, nyuki wanapokuwa hawana pengine pa kwenda. Yupo hata nyuki wake maalumu, aliyetambuliwa na wanasayansi kuwa spishi ya pekee mwaka 1993 na kuonekana Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2001. Ikibidi kumpunguza aivi, ngoja ndege wamalize matunda yake meusi, na uchungulie kwanza kama hakuna kiota.